Uji wa Biji

Wakati wa mavuno ya mpunga, pale Mlabani mjini Ifakara, mashine ya kukoboa ya marehemu Kirpal Singh iliwashwa saa moja asubuhi. Ilikohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi, kisha ikanguruma mpaka usiku. Pumba zilitua kila mahali: kwenye madirisha, kwenye nguo zilizoanikwa, hata kwenye nyusi za Damiani, mwendesha mashine.

Nyuma ya mashine kulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu. Humo waliishi wajane wawili. Mmoja alikuwa Jasbir Kaur, mke wa Kirpal. Mwingine alikuwa mama yake Kirpal, bibi wa miaka themanini na mmoja. Nyumbani walimwita Biji, yaani mama. Walikuwa Singasinga, wafuasi wa Guru Nanak. Binti pekee wa Jasbir, Simran, alikuwa shule ya bweni Morogoro.

Kirpal alifariki mwezi wa pili. Kabla msiba haujapoa, Biji akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa. Ulimi ukawa mzito kama jiwe. Akawa mtu wa kulala tu kwenye kitanda cha chuma, macho wazi, mkono wa kushoto juu ya shuka. Bangili yake ya chuma, ile wanayovaa Singasinga wote, Jasbir aliihamishia mkono huo mzima.

Sasa ulikuwa mwezi wa sita, na Biji alikuwa hataki chakula.

"Biji, kunywa kidogo tu," Jasbir alisema asubuhi moja, akimsogezea kijiko. Ulikuwa uji wa mchele, umechujwa vizuri, una sukari na iliki. Biji alifumba mdomo. Jasbir alijaribu tena. Biji akageuza uso ukutani.

Mhudumu wa afya alikuja kumtazama. Alishika mkono wa bibi, akaona ngozi inaning'inia kwenye mfupa.

"Dada, nikueleze ukweli," alisema. "Bibi anaweza kumeza. Lakini asipokula, hamalizi mwezi."

Jirani yao Kadija, mwenye duka la vyakula, alikuwa mlangoni. Alisubiri mhudumu aondoke.

"Mama Simran, usinichukie," alisema. "Zamani mimi nikiamka kuswali alfajiri, namsikia bibi huyu anasoma sala zake. Hajawahi kunitangulia kunywa chai, hata siku moja. Kwanza anasoma, ndipo anakula. Siku hizi sisikii kitu; atakulaje bila sala? Jua linakukuta kitandani!"

Aibu ilimpanda Jasbir mpaka masikioni, kwa sababu alijua. Tangu Jasbir aolewe, Biji aliamka saa kumi alfajiri, akaoga, akasoma, ndipo akagusa chakula. Miaka yote hiyo Jasbir alikuwa akijifunika shuka upya.

Siku iliyofuata alipata njia. Alitafuta sala kwenye simu, akaiweka karibu na sikio la Biji, akarudi kulala. Sauti ya mwanamume ikaanza kusoma, nzuri na nzito. Haikufika katikati. Mteja mmoja wa Kivukoni akapiga kuuliza kama mashine imewashwa, na chumba kikajaa mlio wa simu, muziki wa harusi. Jasbir alipokuja mbio, alikuta chozi moja limeshuka kwenye shavu la Biji. Siku hiyo hata maji alikataa.

Jumapili akafika Mzee Gurmel Singh, fundi mstaafu wa kiwanda cha sukari. Kila baada ya miezi michache alikuja kuwajulia hali. Alivua viatu mlangoni, akakiweka sawa kilemba chake cha rangi ya maji ya bahari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Mgonjwa ni wewe au Biji?"

Jasbir alilia kwanza, ndipo akamweleza yote. Akamweleza na lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Nilijaribu, baba. Tulipomaliza kumchoma marehemu, niliapa. Nitaamka saa nane usiku, nitaoga maji baridi, nitasoma sala zote za asubuhi bila kuruka. Siku ya tano nilisinzia nimesimama pale mashineni. Mkanda wa mashine ukadaka mtandio wangu. Damiani asingezima haraka, leo mngekuwa mmeshanisahau."

"Na baada ya hapo?"

"Niliacha. Nilijiona sifai. Ningemwambia nini Mungu?"

Mzee Gurmel alitikisa kichwa. "Wewe una mashine ya dizeli. Asubuhi ya baridi unaiwasha na papo hapo unaimwagia magunia kumi?"

"Hapana. Itakufa. Unaiacha izunguke tupu kwanza."

"Basi mbona nafsi yako uliibebesha magunia yote siku ya kwanza, nawe una msiba?" Alivuta kiti. "Sikiliza. Alfajiri inaanzia jioni. Sasa hivi unazima mashine saa ngapi?"

"Saa tatu usiku. Siku nyingine saa nne."

"Zima saa kumi na mbili. Mpunga hauozi kwa usiku mmoja. Kula mapema, ulale saa tatu. Kabla ya kulala jaza ndoo ya maji, weka nguo safi, weka kitabu cha sala mahali pake pa juu, ndani ya kitambaa chake. Simu ilale sebuleni. Ikilia, uinuke uifuate."

"Niamke saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu. Ile ndiyo saa ambayo sisi tunaiita tamu, kabla dunia haijaanza kukuita. Oga. Siku ukiwa na homa, nawa uso, mikono na miguu, inatosha. Funika kichwa. Kaa chini, mgongo wima, ulitaje jina la Mungu polepole, Waheguru, mpaka moyo utulie. Ndipo usome. Sala ya Guru Nanak ina beti thelathini na nane. Wiki hii soma tano. Wiki ijayo kumi. Mwishoni simama, kunja mikono, uombe."

"Lakini baba, mimi nasoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Na siku nikichelewa?"

"Utasoma ukiwa umechelewa. Kosa siyo kuchelewa. Kosa ni kusema, leo nimeharibu, basi mpaka Jumatatu."

Kisha akamwinamia Biji, akasema naye kwa lugha yao. "Mama, huyu atakusomea beti tano tu kwa sasa. Kisha utakula. Unakubali?"

Mkono wa kushoto ukasogea. Bangili ikagonga chuma cha kitanda. *Ti.*

Siku ya kwanza Kadija ndiye aliyemwamsha, kama Jasbir alivyomwomba, kwa kugonga bati la uzio na kopo la udhu. "Mama Simran! Amka, au nije na ndoo ya maji?"

"Nimeamka, dada. Kaa na maji yako!"

Jasbir alioga akitetemeka. Alikaa chini kando ya kitanda. Alisoma ubeti wa kwanza, neno moja moja. Alipoukamilisha, bangili iligonga. *Ti.* Ubeti wa pili alikosea neno. Bangili ikagonga mara mbili. *Ti, ti.* Akarudia. Biji alikuwa anazijua zote kwa moyo.

Asubuhi hiyo bibi alikunywa vijiko sita vya uji. Jasbir alivihesabu.

Siku ya tisa alilala mpaka kumekucha. Alitaka kuacha. Akakumbuka maneno ya mzee, akanawa, akasoma huku mashine ikimsubiri na wateja wakinung'unika. Wiki ya tatu hakuhitaji tena bati kugongwa. Wiki ya tano Biji aliweza kukaa kwenye kiti barazani, shavu limejaa kidogo. Jasbir naye hakusinzia tena karibu na mkanda. Wiki ya nane alisoma beti zote thelathini na nane.

Biji hakupona. Mwishoni mwa mwezi wa nane homa ya mapafu ilimwingia. Asubuhi moja Jasbir alikuwa anasoma kama kawaida. Baada ya ubeti wa ishirini na saba bangili iligonga. Baada ya ubeti wa ishirini na nane haikugonga.

Jasbir aliinua macho, akaona. Hakufunga kitabu. Alisoma mpaka mwisho, akasimama, akaomba. Ndipo akaenda kumwita Kadija.

Walimchoma Biji siku iliyofuata. Alfajiri baada ya maziko hayo ya moto, Jasbir alifungua macho mwenyewe. Nyumba ilikuwa tupu. Hakukuwa na mtu wa kumsomea wala wa kumlisha. Shuka lilikuwa na joto, na hakuna ambaye angemlaumu.

Ndoo ilikuwa imejaa. Alikuwa ameijaza jioni bila kufikiri.

Alioga, akafunika kichwa, akakaa palepale kando ya kitanda kitupu. Alisoma ubeti wa kwanza. Alipoumaliza, mkono wake mwenyewe uliinuka, na bangili yake ikagonga chuma. *Ti.*

Nje, nyuma ya bati, kopo la udhu lilianguka.

"Mama Simran?" Kadija aliita kwa sauti ya chini. "Ni wewe?"

"Ni mimi, dada," Jasbir alijibu. Akafungua ukurasa, akaanza ubeti wa pili.