Mwenzetu Yuko Nyuma

Mjomba Sobhan, mwenye hoteli, aliegemeza fimbo tatu za mwanzi kwenye benchi, akaitazama njia iliyotoka barabarani, kisha akaitazama tena. Njia ilikuwa tupu.

"Wa tatu yuko wapi?"

"Mwenzetu yuko nyuma, anakuja," Masrur alijibu bila kupepesa macho.

Hakukuwa na mwenzao. Walikuwa wawili tu, yeye na mkewe Nilufa, wameshuka alfajiri ile kwenye basi la kutoka Dhaka, macho mekundu kama walevi. Lakini kila anayekwenda kupanda maporomoko ya milima ya Mirsarai huacha mizigo na kuagiza chakula kwenye hoteli za mabati zilizo mdomoni mwa bonde, naye hupikiwa kwa kichwa: kichwa kimoja, kipande kimoja cha kuku. Ijumaa watu ni wengi. Ukirudi ukaomba cha pili unaonyeshwa sufuria tupu. Masrur alitaka viwili, akaagiza vya watu watatu. Mtu mwenye digrii mbili na miaka minne bila kazi hujifunza kuiba mahali padogo padogo.

"Ona haya, Masrur," Nilufa alinong'ona. "Kuku nalipa mimi."

"Ndiyo maana nataka viwili."

Mzee Sobhan alikuwa bado ameishika ile fimbo ya tatu. "Mwanangu, kama hayupo sema hayupo. Huko juu usiweke nafasi ya mtu asiyekuwepo. Kuna wanaoitafuta."

"Mjomba, mimi nimesoma fizikia."

"Hongera. Na kazi unafanya wapi?"

Nilufa alicheka. Masrur alichukua fimbo yake akaondoka. Aliwachukia wote wawili kwa kipimo sawa.

Njia ya kwenda juu ni kijito chenyewe. Unatembea ndani ya maji, mawe yanateleza kama samaki, na ruba wanakupanda miguuni huku unawanyunyizia chumvi. Walipita poromoko la kwanza, ambalo vijana wa chuo walikuwa wamelijaza kelele na muziki wa simu, wakashika kamba na kupanda la pili. Hapo kelele zilikatika. Ndipo Masrur aliposikia nyuma yao fimbo ikigonga mawe.

Tok. Tok. Kimya. Tok.

Aligeuka. Maji tu, na migomba pori.

"Kuna mtu anatufuata," alisema.

"Si mwenzetu?" Nilufa alimtania. Kisha uso wake ukabadilika, si kwa hofu, bali kama mtu aliyebeba neno mkononi muda mrefu na mkono umechoka. "Masrur, kaa hapo kwenye jiwe. Sikutaka kukwambia kule nyumbani, majirani wakisikiliza ukutani. Kaka amenipa chumba kwake Narayanganj. Keshokutwa nahamia huko."

"Kwa sababu sina kazi."

"Huna kazi, sawa. Nchi nzima haina kazi. Mimi nimechoka kuadhibiwa kwa ajili yake. Nikipandishwa cheo unanuna. Nikileta nyama unasema naringa. Nilitaka siku moja nzuri tuagane nayo."

Angeweza kumwomba msamaha. Maneno yalikuwepo, hayakuhitaji kuombewa kwa fomu tatu na picha ndogo za pasipoti. Badala yake alisema, "Nenda basi. Malaya wa maabara," kwa sababu Nilufa alikuwa fundi wa maabara ya hospitali na kwa sababu hakupata kitu kingine cha kumrushia.

Nilufa alimpa mgongo. Alipanda hadi poromoko la tatu, akaweka simu na viatu juu ya mwamba, akaingia majini na nguo zake. Aliogelea vizuri, alikulia kando ya mto. Masrur alifika juu akihema na kumwona akipiga mikono kuelekea pale maji yalipoanguka kama pazia, na fimbo nyuma yake ikagonga tok, tok, ikampita ubavuni bila mtu, na harufu ikampita nayo, harufu ya maua ya champa yaliyooza pamoja na magamba ya samaki, na majini, kutoka ukingoni kuelekea kwenye pazia, mistari miwili ya mawimbi ikafunguka kama ile anayoiacha mtu anapoogelea.

Nilufa alikuwa ameshapita nyuma ya pazia.

"Masrur?" Sauti yake ilitoka ndani ya maji, ndogo. "Masrur, nani huyu yuko huku?"

Alijua kuogelea. Hatua ishirini za maji. Alisimama. Akajiambia kwamba anaigiza, kwamba anataka kubembelezwa, kwamba wanawake wa kwao wote ni waigizaji, na alipomaliza kujiambia yote hayo sauti ilikuwa imemwita mara tatu na kunyamaza.

Kisha Nilufa akatoka. Alikuja juu ya maji polepole, akitabasamu, akapanda mwambani, na nywele zake zilikuwa kavu. Masrur aliona ruba waliokuwa wamemng'ang'ania miundini wakiachia mmoja mmoja, wakianguka weusi weusi juu ya jiwe, wamekauka kama maganda ya mkwaju.

"Nimefikiri," alisema. "Siendi kwa kaka. Nitakaa na wewe, mume wangu."

Alikuwa hajawahi kumwita mume wangu. Mkono aliomnyooshea ulikuwa baridi kama chuma cha geti asubuhi ya Januari. Akaushika hivyo hivyo.

Hotelini Nilufa alikula sahani mbili, mifupa na vyote, akiisaga taratibu, na Mjomba Sobhan alikwenda kusimama mbali na moto wake mwenyewe.

Mjini, wiki tatu, Masrur aliishi kama bwana. Mkewe hakumuuliza ameomba wapi kazi. Alikwenda maabara, akarudi, akamkabidhi mshahara mzima kwa mikono miwili. Kweli, bomba la bafuni lilijifungua kila siku kabla ya adhana ya alfajiri, naye alimkuta Nilufa ameketi chini yake na nguo, macho wazi, maji yakimwingia mdomoni bila kumeza. Kweli, paka wa jengo zima walihama. Kweli, shuka upande wake zilinuka champa na magamba hata zikifuliwa. Lakini alikuwa haulizi kitu. Masrur alinenepa.

Mama yake Nilufa ndiye aliyekuja na Maulana Kafiluddin, Ijumaa baada ya swala, jua likiwaka barazani.

"Mwanangu hunikatiza nikiongea tangu ana miaka miwili," mama alisema. "Huyu ananisikiliza mpaka mwisho. Maulana, huyu si wangu."

Maulana alimkalisha Nilufa sakafuni, akasoma, akapulizia maji na kumnyunyizia. Akamshika kidole kidogo, akamkaribishia puani moshi wa pilipili iliyoungua. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha koo lake likavimba kama la chura, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke wala ya mtu mmoja.

"Mnaniunguza kwa nini? Mimi mgeni. Nilitangazwa na mwenye nyumba, na mwanamke alipoita, mwenye nyumba alinipisha."

Mama alimgeukia Masrur. Masrur alitazama ukuta.

"Aliyemkaribisha ndiye anayemtoa," Maulana alisema. "Mwanangu, mwambie atoke. Mara tatu, mbele yetu. Ataondoka leo hii."

"Na nikitoka," sauti ilisema kwa upole, karibu kwa huruma, "huyu atasimama, atafungasha nguo, atawaambia wote ulivyosimama ukitazama. Mimi sitasema. Mimi nitapika."

"Usimsikilize! Sema!" Maulana alifoka.

"Toka," Masrur alisema.

Mwili ukaruka sakafuni. Maji yakamtoka Nilufa masikioni, puani, machoni, maji meusi yenye majani, mengi kuliko yanavyoweza kukaa ndani ya mtu, yakatambaa kwenye vigae hadi chini ya kitanda.

"Toka."

Macho yake yakafunguka, naye alikuwamo ndani yake. Masrur alimjua papo hapo, kwa ile mikunjo ya hasira katikati ya nyusi, ile aliyoichukia miaka minne. Mkono wa moto, mkono wa mtu, ukamkamata kiganja, kucha zikazama.

"Masrur," alisema Nilufa, akikohoa. "Ni mimi. Huko ndani ni giza na maji tu, sipumui na sifi. Moja bado. Sema moja. Sitamwambia mtu. Wallahi sitamwambia mtu."

Akamtazama, akaitazama tena ile mikunjo, akafikiri juu ya chumba kilekile kikiwa kitupu, na mashemeji wakicheka, na fomu, na picha ndogo za pasipoti, na wali wa jana aliojipikia mwenyewe, na Maulana akimhimiza, na mama mkwe amepiga magoti akimshika miguu, amemwita baba, amemwita mfalme, na mdomo wake ulikuwa wazi na neno lilikuwa juu ya ulimi, fupi, silabi mbili.

Akafunga mdomo.

"Mke wangu ni mzima, Maulana," alisema baadaye. "Ni uchovu wa kazi. Asante kwa kufika."

Kucha zililegea moja moja. Mkono ukapoa. Mama alitolewa na majirani, akipiga kelele hadi chini ya ngazi, na mlango ukafungwa.

Nilufa aliinuka, akachukua kitambaa, akapangusa sakafu yote bila kuambiwa. Alipofika karibu naye aliinama kupangusa miguu yake, na midomo, hiyo tu katika uso mzima uliotulia, ikatikisika.

"Nimekusikia ulivyonyamaza," ilisema, kwa sauti ya Nilufa mwenyewe.

Kisha ikatabasamu.

"Chai uletewe hapa, mume wangu, au kitandani?"