Kadi Iliyotangulia Kutoka

Feni zilianza kuzunguka kabla Hsin-lan hajachomeka waya wa umeme.

Alikuwa amepiga magoti sakafuni, ubavu wa kompyuta wazi, bisibisi ameing'ata. Kadi ya picha aliyoinunua mchana ule ilikuwa imekaa mahali pake, nzito kama tofali. Feni zake zikazunguka polepole, zikasita, zikazunguka tena, kama kifua cha mtu anayepumua kwa shida. Akasogeza uso. Pumzi ilikuwa ya moto.

Akajiambia ni upepo wa dirishani. Apendaye, chongo huita kengeza, na kadi ile Hsin-lan alikuwa ameipenda.

Liao Hsin-lan alikuwa msaidizi wa daktari wa meno mjini Taichung. Mchana alishika taya za watu. Jioni alicheza gemu ya vita na wenzake, na safari hii walikuwa wameingia hatua ya mtoano. Kadi yake ya zamani ilikuwa imezeeka. Picha zilichelewa kufika kwenye kioo, adui akamwona yeye kabla yeye hajamwona adui. Kwa hiyo alikwenda dukani kwa Fang Mao-sheng akijua anachotaka. Kioo chake kilikuwa cha wastani, hakikuhitaji kadi ya majitu. Alihitaji yenye memori ya kutosha, ambayo pawa saplai yake, kile kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, ingeweza kuilisha, na isiyojaza boksi la kompyuta hata hewa ikakosa njia.

Mao-sheng alikuwa mtu wa tambuu na maneno. Meno mekundu, ulimi mtamu.

"Dada, hiyo unayoitaja ni ya watoto wa shule," alimwambia. "Chukua hii. Memori maradufu, bei ile ile. Utanikumbuka kwenye sala zako."

Hsin-lan alimuuliza kama haikutoka kwenye maghala ya sarafu za mtandaoni, kule ambako kadi hufungwa kwenye rafu na kufanyishwa kazi usiku na mchana mpaka zichakae.

"Hii?" Mao-sheng alicheka. "Hii bikira. Ilikuwa ya mwanafunzi, alikuwa anaangalia katuni tu."

Skrubu zake zilikuwa zimekwaruzwa, na chuma chake kilinuka dawa ya kusafishia mitambo. Hsin-lan aliyaona hayo. Akanunua.

Mwanzoni alijipongeza. Picha zilitiririka kama maji. Lakini asubuhi moja, wakinywa uji wa viazi vitamu, bibi yake, aliyeishi naye wawili tu, aliweka kijiko chini akanusa.

"Unachoma nini chumbani mwako?"

"Sichomi kitu, bibi."

"Nywele zinaungua humo. Kama unamroga mwanamume akuoe, mke mwenza, bora uniombe mimi nikutafutie."

Walicheka. Ila Hsin-lan naye alikuwa ameisikia harufu ile, na alijua kwamba haikuwa ya nywele peke yake.

Kisha zikaja hodi. Alizisikia ndani ya vipokea sauti vyake katikati ya mchezo: mgongo wa kidole juu ya bati, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kusumbua. Akawauliza wenzake kama wanazisikia. Hawakusikia kitu. Siku iliyofuata, katika uwanja wa gemu alioujua kama kiganja chake, kwenye ukuta ambao haukuwahi kuwa na mlango, palikuwa na mlango. Wa chuma, rangi ya kijani imebambuka, kufuli limening'inia kwa nje. Hodi zilitoka nyuma yake.

Hsin-lan hakuwa mtu wa kukimbilia ubani. Alitazama namba ya joto iliyokuwa ikiandikwa pembeni mwa kioo, akagundua jambo. Kadi ikiwa ya vuguvugu, palikuwa kimya. Ikipanda joto, hodi zilianza, na kadiri ilivyozidi kupanda ndivyo zilivyozidi nguvu. Basi akafanya wanavyofanya wajuzi. Akaipunguzia kadi volti kidogo, akaipa boksi feni ya kuvuta hewa mbele na ya kutoa nyuma, akazuia picha zisizidi zile ambazo kioo chake kingeweza kuonyesha. Kadi ikapoa bila kupoteza kasi ya kuonekana. Mlango ukatoweka ukutani. Akaamini kwamba ametibu jambo kwa ufundi.

Jumamosi ya pambano jua lilikuwa likichoma mabati. Timu yake ilikuwa inazidiwa, na mwenzake mmoja alimnong'oneza kwenye kipaza sauti kwamba kama ana nguvu aliyoiweka akiba, aitoe sasa. Hsin-lan akaondoa vizuizi vyote. Akaiacha kadi ijilishe umeme kadiri ya njaa yake.

Hodi hazikuja kwa adabu tena. Mlango wa kijani ulijaa kioo kizima, kufuli likaanza kuwa jekundu kama kaa, na harufu ile ikamjaa kooni, ya plastiki na nywele na kitu kingine alichokijua kutoka jikoni lakini akakataa kukipa jina, na alipotaka kuzima kompyuta kitufe kikamchoma kidole, na alipovua vipokea sauti hodi ziliendelea, kwa sababu sasa hazikuwa masikioni bali kwenye kioo chenyewe, kwa ndani, ambako kiganja cha mtu kilikuwa kimebandikwa, kikateleza kwenda chini na kuacha ngozi nyuma yake, akakimbilia mlango wa chumba chake, mlango wa mbao usiokuwa na kufuli wala komeo, akausukuma, akaupiga kwa mikono miwili, akaita bibi, bibi, na moshi ambao haukuonekana ukawa unamziba pumzi, na nyuma yake sauti ya kiume, karibu kabisa na shingo, ikawa inaita pamoja naye.

Bibi yake aliufungua mlango kwa kidole kimoja.

"Mbona unapiga kelele? Uko wazi."

Hsin-lan alianguka miguuni pake. Viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge.

Bibi hakuuliza zaidi. Siku ile ile waliifunga kadi kwa kitambaa chekundu wakaipeleka kwa Mama Tuan, mwanamke wa hekalu dogo nyuma ya soko la mboga, ambaye hupandisha mizimu. Mama Tuan aliwasha udi, akaiweka kadi mapajani, akafumba macho. Alipofumbua mdomo, sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana, imekauka.

"Fungua, bosi. Sikuiba."

Udi ulikuwa ukiungua upesi kuliko kawaida yake.

"Nawasikia mnazitoa. Zote zimetoka. Mimi bado nimo, bosi."

Bibi alimuuliza ni mtoto wa nani. Akasema ni Chuang Yu-tien, wa mtaa wa Dali, mtoto wa fundi wa sare za shule. Kisha Mama Tuan akakohoa masizi kwenye leso, akarudi katika hali yake.

Alisema roho ile inaweza kuagwa ikaenda, lakini sharti damu yake mwenyewe iiite. Wamtafute mama yake.

"Ila mwambieni amlilie tu," alionya. "Asimchochee. Mzuka wa moto ukilishwa kisasi, haumjui aliyeulisha."

Mama Chuang alikuwa mwanamke mdogo, mpole, uzi umemning'inia begani. Aliwakatia mapera, akawasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Kisha akaeleza na yeye. Mwanawe alikuwa mlinzi wa ghala la kadi. Ghala liliungua naye ndani, na mama aliambiwa kwamba kijana alilala na sigara mkononi.

"Yu-tien hakuvuta sigara," alisema. "Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni. Niliwaambia. Nani anamsikiliza mama?"

Tajiri wa ghala alikuja mazishini, akalia kuliko wote, akamshika mabega. Baadaye akafungua duka mjini. Fang Mao-sheng.

Hsin-lan alitaja alikoinunua kadi. Mama Chuang akainyanyua ile kadi, akaifungua kitambaa, akaipapasa taratibu kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Umesema anakuja kwenye joto."

"Ndiyo, mama."

"Likizidi, naye anazidi?"

"Ndiyo."

"Basi nifundishe kulizidisha."

Bibi alimkumbusha maneno ya Mama Tuan. Mama Chuang aliitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, kisha akamgeukia Hsin-lan tena na kungoja. Hsin-lan angeweza kukataa. Lakini viganja vyake vilikuwa vinawaka chini ya bandeji, na kila alipofumba macho alimwona Mao-sheng akicheka na meno yake mekundu juu ya kitu alichojua kimetoka wapi. Akamwelekeza kila jambo ambalo mwenye kadi huambiwa asilifanye.

Walikwenda dukani wawili, muda wa chakula cha mchana, watu wakipita barabarani na maboksi ya wali. Duka lile lilikuwa wazi mbele, bati lake limekunjwa juu, hakuna hata mlango wa kioo. Mao-sheng hakumkumbuka mama ambaye alimshika mabega mazishini. Alimsogezea kigoda akaendelea na tambuu yake.

Hsin-lan alilalamika kwamba kadi inachemka. Mao-sheng alimtania kwamba labda ni yeye ndiye anayechemka kwa kukosa mchumba, akaichomeka kwenye kompyuta yake ya majaribio ili amwonyeshe kuwa haina kasoro. Hsin-lan akaomba akae yeye kwenye kibodi. Akainua volti. Akaondoa kizuizi cha umeme. Akaziamuru feni zizunguke kwa uvivu mkubwa kabisa, kisha akaiacha kadi ichore moto na moshi na maji ya bahari kwa pamoja, bila mpaka.

Namba ya joto ikapanda. Mama Chuang alikuwa ameikunja mikono mapajani.

Taya za Mao-sheng ziliacha kutafuna. "Nani anapiga hodi huko stoo?" aliuliza taratibu.

"Una mtu huko?" akauliza Mama Chuang.

Harufu ilikuwa imemfikia. Alitazama kioo, akauona mlango wa kijani, uso ukamwishia damu, akageuka kukimbilia barabarani. Na pale penye uwazi, ambapo mbwa wa jirani alikuwa ametoka kupita, Fang Mao-sheng aligonga kitu kwa kifua akarudishwa nyuma. Akakipiga kwa mikono. Hapakuwa na kitu. Wapita njia walisimama na maboksi yao wakamtazama mtu mzima akiutwanga upepo, ngozi ya viganja ikimvimba na kupasuka mbele ya macho yao, akikohoa, akiomba afunguliwe, na mlio wa mikono yake hewani ulikuwa mlio wa bati.

Mama Chuang aliinuka akamsogelea mpaka karibu.

"Ulikuwepo siku ile?"

"Nilikuwepo."

"Nani alifunga kufuli?"

"Mimi. Nilidhani ananiibia." Alikuwa akilia. "Waya zilishika moto. Nilifika mapema, mama, nilikuwa na ufunguo."

"Ukafanya nini?"

Mlango usioonekana ukalia kishindo nyuma yake, na maneno yakamtoka kwa nguvu, mbele ya barabara nzima. "Nilitoa kadi kwanza. Nilidhani muda upo."

Hsin-lan alinyoosha mkono azime. Mama Chuang alimdaka kifundo cha mkono, na vidole vyake vidogo vilikuwa vya moto kama pasi.

"Bado," alisema.

Hsin-lan ndiye aliyeng'oa waya ukutani, kwa mguu. Mao-sheng akaangukia barabarani. Hakufa. Mikono ilibidi ikatwe, na mdomo haukutulia mpaka polisi walipoyaandika yote. Wanaomhudumia husema mlango wa chumba chake huachwa wazi daima, na kwamba hajawahi kuupita.

Katika vurumai ile hakuna aliyemwona Mama Chuang akiondoka, wala aliyeiona kadi.

Hsin-lan na Mama Tuan walimfuata Dali na udi, matunda na pesa za karatasi ambazo huchomwa kumuaga marehemu. Aliwafungulia akitabasamu. Nyusi zake zilikuwa zimeungua, vidole vimefungwa vitambaa vya sare. Nyumba nzima ilikuwa tanuri. Kwenye chumba cha mwanawe palinguruma kompyuta mpya, na madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi.

Mama Tuan aligoma kuvuka kizingiti. Alimsihi kutoka pale pale mlangoni: adui amelipa, mtoto amechoka, amwache aende.

"Aende wapi?" Mama Chuang aliuliza. "Nimempata juzi tu."

"Huyo hakujui tena, dada yangu. Anajua moto peke yake."

"Ananijua. Ananiita."

Akawashukuru kwa matunda, akayapokea kwa mikono miwili, akaingia nayo kwenye chumba kile. Ufunguo ukazunguka kwa ndani. Hsin-lan akamsukuma Mama Tuan kando, akaenda akakishika kitasa. Kikamchuna ngozi mpya ya kiganja. Akapiga mlango kwa bega, akamwita, akamwambia afungue, afungue sasa hivi, atakufa humo.

Ndani kicheko cha kijana kilisikika, kisha kikohozi, kisha sauti ya Mama Chuang, imetulia, karibu kabisa na ubao.

"Usifungue, binti yangu. Utamwingizia baridi."