Kichupa Nilichomnyima Baba

Ndugu zangu mliosema nilimnyima baba yangu dawa, kaeni niwaeleze. Ila radhi siombi.

Jumapili ile nyumba ilikuwa tulivu. Baba, fundi cherehani mstaafu, alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Majina yetu alishayasahau, lakini mikono yake haikusahau kazi. Mimi ni mtaalamu wa maabara, na kosa langu ni moja: nilijisifu mbele ya familia.

"Siku hizi tunaletewa kimeng'enya cha ubongo wa binadamu, yaani protini inayochochea kazi za mwili," nilisema. "Jeni ya mtu inapandikizwa kwenye bakteria, nao wanakitengeneza."

Kaka yangu, dereva anayeleta mizigo ya maabara yetu, akaweka kikombe chini. "Cha ubongo? Basi mletee baba!"

"Si dawa, kaka. Ni cha majaribio. Lebo inasema: kwa utafiti tu, si kwa kutibu binadamu."

"Wakubwa wanaandika hivyo ili watumie wao na watoto wao," shangazi akadakia. "Mchoyo wewe!"

Tangu siku hiyo niliitwa mchoyo. Nilikataa, wakanisema, nikakataa tena.

Alhamisi kaka alifungua boksi la mzigo, akachomoa kichupa kimoja cha kimeng'enya hicho na kukitia kwenye mfuko wa shati. Hebu fikirini: kitu kinachotunzwa kwenye baridi kali kuliko ya barafu, kikazunguka naye juani mchana kutwa! Jioni akamwita jirani mwenye duka la dawa, naye jirani akamchoma baba sindano ya kile kichupa.

Niliporudi kutoka kazini nilimkuta baba amevimba midomo, anapumua kwa shida. Niliogopa mno.

"Kaka, umempa nini?"

"Labda amekula kitu kibaya..."

"Umempa nini?"

Akanionyesha kichupa. Nilikinyakua, tukambeba baba hadi hospitali. Daktari aliposoma lebo hakubahatisha. Alijua mwili umepambana na kitu kigeni, akamtibu hivyo. Baba akapona.

"Mdogo wangu, usiseme kazini," kaka alinisihi pale kwenye benchi. "Tuyamalize nyumbani. Damu nzito kuliko maji."

"Damu hiyo hiyo ndiyo mliyoichoma sindano."

Asubuhi niliripoti. Kaka akafukuzwa, duka likafungwa, ndugu wakanisusa. Na wasuse!

Baba bado hajui jina langu. Kila asubuhi huniuliza, "Wewe ni nani?" Nami humjibu, "Yule mchoyo, baba." Hucheka, kisha huchukua sindano yake na kutunga uzi, bila miwani.

MAFUNZO

Kitu kikiitwa cha ubongo, hakijawa dawa ya ubongo. Lebo huandikwa isomwe, na mgonjwa hupelekwa kwa daktari, si kwa jirani mwenye sindano. Tena mapenzi bila maarifa yanaweza kumzika unayempenda. Nawe unayejua, usilainike kwa sababu ya maneno ya ndugu. Wakikuita mchoyo, itika, lakini kichupa usitoe.