Ujumbe wa Dereva Yahaya

Kila asubuhi, jua likichomoza nyuma ya vilima vya mawe vya Dodoma, Mwajabu alibeba birika la maji ya moto kutoka jikoni kwao hadi kwenye banda la motokaa karibu na stesheni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake, Yahaya, Mrangi wa Kondoa, alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Kijerumani aliyenunua ngozi za ng'ombe, na kwa hiyo watu walimwita Bwana Ngozi. Ulikuwa mwaka wa 1913. Garimoshi lilikuwa limefika mjini miaka mitatu tu nyuma, na motokaa ilikuwa moja tu, hiyo hiyo.

Yahaya alimimina maji ya moto kwenye rejeta, akapiga hendeli mpaka jasho likamtoka. Injini ilipowaka, aliiacha iungurume polepole, akamgeukia mzee Methusela, Mgogo wa Mvumi aliyelinda banda, wakaanza kusalimiana. Salamu za Kigogo si za mtu mwenye haraka. "Mbukwenyi" ulikuwa mlango tu. Baada ya hapo waliulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za ndama, za mbuzi, za maji ya kisimani na za uwele ghalani, na kila swali lilijibiwa kwa utulivu kabla ya jingine kuulizwa. Yahaya hakuwa na saa. Salamu zilipokwisha, aliweka kiganja juu ya boneti, akaona joto limefika, ndipo akapanda na kuondoka taratibu.

Mwajabu aliyaona hayo yote kuwa aibu. Aliyemfundisha kuona hivyo ni karani Zaidi.

Zaidi alikuwa karani wa ghala la ngozi, kijana wa pwani, mwenye saa ya mfukoni aliyoitoa kila alipotazamwa, na mara nyingine hata asipotazamwa na mtu. Alijua maneno saba ya Kijerumani na aliyatumia yote kila siku. Kuhusu injini, alijua kwamba iko mbele. Yahaya alimfundisha kushika usukani kwa majuma mawili, na hayo majuma mawili yalimtosha Zaidi kujiona mwalimu wa mwalimu wake. Aliwaambia watu kuwa mashine imetengenezwa Ulaya, lakini dereva mshamba anaisubirisha mpaka aulize hali ya mbuzi. Watu walicheka. Mwajabu naye alicheka, tena baba yake akiwa anamsikia.

Mwezi wa Julai, baridi ilipokuwa kali na upepo ukavuma usiku na mchana, Yahaya alishikwa na homa. Bwana Ngozi aliamuru Zaidi aendeshe motokaa mpaka dereva apone. Yahaya, akiwa amelala na kutetemeka, alimwita binti yake.

"Mwajabu, nenda ukamwambie Zaidi asiondoke mpaka mzee Methusela amalize salamu. Kwa baridi hii oili imeganda kama samli. Injini ikikimbizwa kabla oili haijayeyuka, vyuma vinasagana vikavu. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno."

Mwajabu alikwenda na birika lake. Mbele ya banda palikuwa na watu wengi: wanawake waliokuwa wakienda kisimani, wapagazi wa stesheni, na watoto waliokuja kuona karani akiendesha. Zaidi alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia mpya, akizunguka motokaa kama bwana harusi. Maneno ya baba yalikuwa tayari mdomoni mwa Mwajabu. Kisha akafikiria kicheko kitakachofuata, akayameza.

"Baba anakusalimu," akasema.

Zaidi akamuuliza kama ametumwa hilo tu. Akajibu kuwa ni hilo tu. Zaidi akalikataa hata birika, akasema motokaa haikuomba chai, na watu wakacheka sana. Injini ilipowaka tu, mzee Methusela alianza kusalimu kama ilivyokuwa desturi yake. Zaidi hakumjibu. Alikanyaga mafuta mpaka mashine ikapiga kelele, akaondoka mbio akimwacha mzee kinywa wazi ndani ya vumbi.

Haraka ilikuwa ya nini? Alikuwa anapeleka furushi la mablanketi kijijini Mkonze. Mablanketi hayaozi.

Jioni Yahaya aliuliza kama ujumbe umefika. Mwajabu alijibu kwamba umefika. Kesho yake alitumwa tena, akanyamaza tena, na jioni akadanganya tena. Siku ya tatu ikawa vivyo hivyo. Uongo wa kwanza ulimtetemesha, wa tatu aliusema huku akichambua mboga.

Asubuhi ya nne Mwajabu alitumwa tena, akauficha ujumbe tena, na motokaa ikatoka bandani kwa kishindo kile kile. Haikuvuka hata mwinuko ulio karibu na stesheni. Ndani ya injini vyuma viligongana kama masufuria yaliyoangushwa, ukatoka moshi mweusi wenye harufu mbaya, na mashine ikakwama. Wanaume ishirini waliivuta kwa kamba kuirudisha bandani. Zaidi hakushika kamba. Alitangulia mbele akiangalia saa, na sijui alikuwa anawahi wapi.

Bwana Ngozi alipofika, Zaidi alikuwa na hadithi yake tayari. Alisema Yahaya hakutia oili, na kwamba alijifanya mgonjwa makusudi ili mashine ifie mikononi mwa mtu mwingine. Askari wawili wakaenda kumleta Yahaya. Akaja amejifunga shuka, meno yakimgongana, Mwajabu akimfuata nyuma, akasema kuwa oili ilikuwamo ya kutosha na kwamba kila siku alituma ujumbe injini isikimbizwe kabla ya kupata joto.

Zaidi akaapa kwamba hakuletewa ujumbe wowote. Kwa mara ya kwanza juma lile alikuwa anasema kweli.

Bwana Ngozi alimuuliza Yahaya ujumbe ule aliupeleka nani. Yahaya alimtazama binti yake. Aliuona uso wake, akaelewa yote, akainamisha kichwa asimtaje. Bwana Ngozi akasema kuwa dereva ni mwongo na mharibifu, apelekwe bomani akapigwe hamsa ishirini. Dodoma nzima ilijua maana ya maneno hayo. Ni viboko ishirini na vitano, na mtu mwenye homa angeweza asiinuke tena. Askari wakamshika mikono.

Watu wote waliokuwa wakicheka asubuhi zile walikuwa pale pale. Mwajabu akapita katikati yao mpaka mbele.

"Ni mimi," akasema. "Baba alinituma siku zote nne, nami sikusema. Niliona haya mbele za watu. Halafu nyumbani nikamwambia kuwa nimesema."

Akayasema maneno ya baba yake yote, ya salamu, ya samli na ya vyuma vikavu, bila kupunguza hata moja. Bwana Ngozi akaagiza injini ifunguliwe chini. Oili ikatoka nzito, ikajaza karai, na pamoja nayo vikatoka vipande vya chuma. Akamgeukia Zaidi, akamuuliza alisubiri kwa muda gani kabla ya kuondoka. Mkono wa karani ukaenda wenyewe kwenye saa, lakini mzee Methusela ndiye aliyejibu.

"Hakusubiri hata nimalize kumuuliza hali ya mama yake, bwana."

Watu wakacheka, na safari hii walimcheka karani. Zaidi alinyang'anywa usukani siku ile ile, akarudishwa ghalani kupaka ngozi chumvi, kazi inayonuka ambayo alizoea kuwaachia wengine. Yahaya aliachiliwa. Bwana Ngozi hakumwomba radhi. Watu wa namna yake hawakuwa na desturi hiyo.

Nyumbani, Yahaya aliketi kitandani akamwita Mwajabu mbele yake. Sauti yake ilikuwa dhaifu, lakini kila neno lilisikika.

"Zaidi kuidharau kazi yangu si ajabu, kwa sababu haijui. Wewe unaijua. Umeiona kila asubuhi kwa macho yako, umekula na kuvaa kwa kazi hiyo. Ukaidharau kwa sababu mtu asiyeijua alicheka, kisha ukaificha dharau yako kwa uongo. Mwanangu, ukitumwa neno la kweli, liseme hata kama watu watakucheka. Kicheko chao kinakwisha pale pale. Viboko vyangu visingekwisha pale pale."

Mwajabu alipiga magoti, akalia, akaomba msamaha. Baba yake alimsamehe. Hakumwambia kuwa ni jambo dogo, kwa maana halikuwa dogo.