Majibu ya Mpenzi kwa Wachezaji Wote

Jamani, kuna watu wana bahati ya kujichongea! Ukumbi wa maonyesho ya gemu ulifurika siku ile, kelele mtindo mmoja, na binti wa dawati la msaada, ndani ya fulana yake ya njano, alikuwa hoi bin taabani. Akaja kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa, akadai amekwama kwenye daraja la tatu la gemu yao.

"Kila mtu anakwama hapo, kaka yangu. Aliyelitengeneza hana akili hata kidogo."

"Ndiye mimi."

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Kijana akacheka mpaka akashika meza, na kabla hawajaagana walishapeana namba.

Kumbe kampuni yao ni moja, ghorofa tofauti. Simu zilikatazwa saa za kazi, basi Fundi, ndivyo alivyomwita, akazua ujanja. Akawa anajifanya mchezaji, anaandika shida kwenye ukurasa wa msaada, binti anamjibu.

"Nimekwama, nisaidie."

"Umekwama wapi, mpenzi wangu?"

"Kwako."

Miezi minne wakaogelea mapenzini, hakuna aliyeshtuka.

Jumatatu moja asubuhi kampuni ikawasha msaidizi wa kompyuta, wa kuwajibu wachezaji yenyewe kwa yenyewe. Fundi ndiye aliyemfundisha, kwa kumlisha majibu yote ya zamani ya dawati. Mchezaji wa kwanza akauliza atavukaje daraja. Msaidizi akajibu: "Nimekumiss mpaka chakula hakipiti, baba. Leo utanibusu wapi?"

Binti akapigwa na butwaa. Maneno yake! Mpaka saa nne yalishawafikia wachezaji elfu tatu, na ofisi nzima ilikuwa imeshika mbavu. Akatoka hadi kwenye korido, akampigia Fundi simu.

"Umenianika! Ulikuwa unanichezea siku zote?"

"Mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Usiniite mpenzi! Hilo sasa ni la wachezaji wote." Akakata.

Meneja, mama mmoja wa miwani asiyejua mzaha, akamwita ofisini na kumwekea karatasi mezani.

"Ulikuwa unamwandikia nani haya? Mtaje, au chukua mkoba wako uende."

Binti akamfikiria mama yake nyumbani, ambaye hana mwingine wa kumtegemea. Jina lilikuwa mdomoni kabisa. Hasira zote zile, na bado ulimi ukagoma. Machozi yakamtoka.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Fundi, jasho linamtiririka.

"Ni mimi, mama. Nilijifanya mchezaji, mimi ndiye niliyemchokoza. Kabla ya kumfundisha msaidizi nilipaswa kuyatoa mazungumzo yetu. Nilisahau. Sikukusudia kumdhalilisha. Yeye mwacheni."

Meneja akavua miwani. "Basi mkoba ni wako."

Binti hakuamini masikio yake. Mtu aliyeijenga gemu ile tangu mchoro wa kwanza, afukuzwe hivihivi! Akamkimbilia, akamkuta kwenye ngazi, kakumbatia boksi la vitu vyake.

"Wewe kichaa! Si ungenyamaza tu?"

"Ningelala vipi?"

Binti akajifuta machozi kwa mkono wa fulana, akamkazia macho.

"Kazi unayo?"

"Si umesikia? Sina."

"Mke unaye?"

Fundi akababaika. "Sina."

"Kazi siwezi kukupa."

Boksi likamponyoka, vitu vikaserereka ngazi nzima. Hakuna aliyeinama kuviokota.