Maji ya Jumamosi

"Dada, fungua hicho kifuniko sasa hivi uone! Utawapamba maharusi wako na uso wa nyanya ya kubanika!"

Imas akarudisha mkono kutoka kwenye kifuniko cha rejeta. Gari lake la miaka thelathini lilikuwa limechemsha mbele ya soko la Pasar Baru, honi za Bandung nzima zikimlia. Kiti cha nyuma kilijaa mataji na mashada ya asmini. Alivaa kebaya, blauzi ya lesi ya kijani iliyomshika kiuno sawasawa, na aliyemfokea aliliona hilo kabla ya mvuke.

"Na wewe nani, zimamoto?"

"Dadan, fundi wa gereji ile pale. Liache lipoe kwanza. Unakunywa chai?"

Wakanywa. Injini ilipopoa, Dadan akachungulia chini ya boneti, akaongeza maji kwenye rejeta. "Dogo tu hili. Njoo kila Jumamosi nikuongezee."

Miezi minne Imas alikwenda, kila Jumamosi na kebaya nyingine. Siku za katikati walimaliza kwa simu.

"Umekula, mrembo wangu?"

"Bado, Kang Dadan," Imas alijibu, akimwita kaka kwa lugha ya kwao. "Mbona leo huulizii gari?"

"Naliulizia sana. Ndilo linalokuleta."

Imas alicheka.

Jumapili moja asubuhi alikuwa anapanda mlima wa Lembang kumpamba binti wa nyumba kubwa, kazi ambayo ingemfungulia nyumba zote za kule juu. Katikati ya mlima injini ikagonga, moshi mweupe ukafunika barabara, gari likazima. Alifika kwa pikipiki, taji mapajani, vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi mtu alikuwa ameshampaka bibi harusi poda, na ndoa inafungwa.

"Mpambaji wa kuniachia mwanangu uso mtupu simjui," mama wa bibi harusi alisema mbele ya wageni.

Wiki hiyohiyo maharusi watatu walimpigia kumwambia wamepata mtu mwingine.

Gari lilipovutwa hadi gereji, Dadan alifungua kifuniko cha oili. Ndani kulikuwa kama chai ya maziwa. "Maji yameingia kwenye oili. Gasketi imeungua. Silinda hedi nayo imepinda," alisema bila kumtazama.

Mzee Uyun, mwenye gereji, alikuwa ameshafungua wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini. Ilikuwa imeganda kutu upande mzima. "Hii imevuja miezi. Dadan, hata kipofu angeiona."

Imas akageuka. "Uliiona?"

Dadan akakirudishia kifuniko cha oili.

"Kang Dadan, uliiona?"

"Siku ileile ya kwanza. Ningeitengeneza, ungerudi kufanya nini? Mimi nanuka oili, Imas. Wewe..." Akajifuta mikono kwenye ovaroli, mikono isitakate. "Nitaifufua injini yote kwa mikono hii. Halafu nikuoe."

"Ningerudi," Imas alisema. "Jumamosi ya pili ningekuja kwa miguu, na vitumbua vya surabi vya moto vya kula pamoja. Ungeniuliza tu."

Alipanda teksi akiwa amejikaza. Machozi yalimtoka njiani.

Wiki tatu Dadan alipiga simu. Wiki tatu haikupokelewa.

Imas alikwenda kuchukua gari Jumanne. Injini iliunguruma laini, mshale wa joto ukatulia katikati.

"Lilete baada ya mwezi nilikague," Dadan alisema, ameshika mlango.

"Umelitengeneza vizuri?"

"Wallahi, sijawahi kutengeneza gari vizuri hivi."

"Basi sina cha kurudia."

Imas akautoa mkono wa Dadan mlangoni, taratibu, kidole kimoja kimoja, akaingiza gia.