Sensa ya Hewa na Nywele za Bibi

Kila siku akitoka shule, Bisibisi alivua sare, akavaa ovaroli kuukuu lililokatwa miguu, akaingia gereji ya baba yake iliyokuwa ubavuni mwa nyumba. Kazi yake ilikuwa kufuta. Baba alikuwa na sheria moja iliyojulikana mtaa mzima: kitu kikitoka kwenye injini, hakirudi na uchafu wake. Basi Bisibisi alifuta nati, akafuta mifuniko, akavipanga kwenye sinia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, hakosi penye kazi, ndiyo maana fundi matairi wa jirani akampa jina hilo.

"Kidude hiki tu usikifute," baba alimwambia zaidi ya mara moja, akimwonyesha bomba la hewa la gari lao la dizeli, gari lililomzidi Bisibisi umri. "Hii ni sensa ya hewa. Inapima hewa inayoingia, injini ijue ichome dizeli kiasi gani. Ndani mna kijitando chembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukikigusa, umekiua."

Alhamisi shangazi alipiga simu kutoka kijijini, juu mlimani. Bibi alikuwa hajiwezi. Ilibidi ashushwe hospitali, na kukaa kwenye basi asingeweza.

"Halafu anamuulizia mke mwenzake," shangazi alisema. Ndivyo bibi alivyomtania Bisibisi tangu akiwa mchanga. "Nywele zimemtimka, nataka kumsuka, hataki. Eti mikono yangu ni ya kufungia kuni. Atasukwa na mke mwenzake tu."

Bisibisi akacheka, akatia kitana mfukoni.

Jioni ile baba alikwenda kununua dizeli. Bisibisi alitaka gari la kumchukua bibi ling'ae ndani na nje. Alikung'uta chujio la hewa, akafuta bomba, halafu akaiona sensa, imejaa vumbi. Ikamuuma kuiacha. Alichukua mswaki wa zamani, akauchovya kwenye mafuta ya taa, akasugua taratibu mpaka pakatakata. Akarudisha kila kitu mahali pake, akajisifu kimoyomoyo.

Asubuhi ya Ijumaa, gari lilipita mjini vizuri. Lilipofika kwenye mwinuko wa kwanza, likaishiwa nguvu. Baba alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari likajikokota, mtu wa miguu akalipita. Baba akageuza gari, wakarudi nyumbani.

Gerejini alifungua boneti. "Kuna kitu kiliguswa hapa?"

"Hapana, baba," Bisibisi alijibu. Neno lilimtoka kabla hajalifikiri. Likishatoka, akashindwa kulirudisha.

Baba alibadilisha chujio la dizeli. Alikagua mipira yote, akafungua mabomba ya turbo, ile pampu ya kusukumia hewa kwenye injini. Kila alipomaliza alijaribu gari kwenye mwinuko, na kila mara likarudi kichwa chini. Bisibisi alishika tochi.

"Fundi," alisema fundi matairi Jumamosi asubuhi, "kodi gari la mtu uende kwa mama."

"Mimi? Waseme fundi kashindwa na gari lake mwenyewe?"

"Wakisema, midomo si yao? Wewe nenda!"

"Nalimaliza leo," baba alisema, akarudi chini ya boneti.

Adhuhuri shangazi akapiga simu tena. Baba alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ambayo Bisibisi hakuwahi kuisikia kwake, "Mwambie mama anisubiri. Mwambie nakuja."

Bisibisi aliweka tochi chini. Akapiga moyo konde. "Baba, niliisugua sensa. Kwa mswaki. Alhamisi."

Baba alimtazama. Hakufoka, na hilo likauma zaidi. Aliinama, akachomoa plagi ya sensa, akaiacha inaning'inia. Dakika moja haikufika.

"Ingia."

Gari lilipanda mlima kama limetolewa mzigo mgongoni. Bisibisi aliuliza kwa hofu, "Linaendaje bila sensa?"

"Sensa mbovu ilikuwa inaidanganya injini kwamba hewa ni kidogo, nayo inaamini, inajinyima dizeli," baba alisema, macho barabarani. "Ukiichomoa, injini inajua haina wa kuiambia. Inafuata kipimo ilichowekewa kiwandani. Tungefika jana asubuhi."

Walifika saa tisa. Shangazi alisimama mlangoni, hakuja kuwalaki.

"Katutoka saa nane," alisema. "Alikuwa anasikilizia gari."

Baba aliketi kizingitini, akajifunika uso kwa mikono yenye grisi. Bisibisi alisimama mbele yake, machozi yakimtiririka.

"Nimemuua bibi?"

"Hapana, mwanangu. Bibi aliuawa na ugonjwa." Alimvuta karibu. "Lakini sitakuficha. Kuharibu sensa ni bahati mbaya, hata mimi nimeharibu vitu vingi. Nilipokuuliza, ungeniambia 'ndiyo, baba', yangekwisha palepale. Lile 'hapana' lilinifanya nitafute ubovu mahali usipokuwepo, tangu jana asubuhi. Kosa liseme likiwa bado dogo, wakati mtu bado anaweza kulitengeneza." Kisha akaongeza, "Na mimi nina langu. Ningekodi gari ningemkuta mama. Niliona aibu ya watu kubwa kuliko haja ya mama yangu. Hilo ni la kwangu, usilibebe wewe."

Ndani, bibi alilala kwenye kitanda chake kama aliyepumzika kidogo, nywele nyeupe zimetawanyika juu ya mto wa kulalia. Shangazi alimshika Bisibisi bega.

"Mpaka leo asubuhi nilimwambia nimsuke, akanisukuma mkono. Njoo, mwanangu. Msuke mwenzako."

Bisibisi alitoa kitana mfukoni. Aligawa nywele katikati, polepole, akaanza kusuka. Hakuna aliyemharakisha.